Njaa Yangu Niliipatia Jina Zuri

Wengi wenu mlinijua kupitia zile video za kufunga. Mimi ndiye yule msichana alikuwa anasimama jikoni kwao Kitale saa sita kamili mchana, yai la kuchemsha mkononi, anasema, "Dirisha limefunguliwa." Kila wiki mtu ananiuliza kwa nini nilizitoa. Wengine mnasema nilinunuliwa. Wengine mnasema nimenona tena ndiyo naona aibu. Wacha niwaambie vile ilienda, na tafadhali usome mpaka mwisho, kwa sababu nusu ya kwanza ya hii stori mliiona na nusu ya pili niliificha.

Nusu ya kwanza ni hii: Januari 2024 nilikuwa na kilo 84, na mimi si mrefu, ni mita moja na sentimita 61. Kufika Mei nilikuwa na kilo 75. Hizo kilo tisa ni za kweli. Sikuhariri picha, sikumeza dawa. Hapo sikuwadanganya.

Sasa nusu ya pili. Inaanzia Bungoma, miaka miwili kabla.

Niliingia chuo 2021, nikakodi chumba Kanduyi na msichana mwingine. Mathe anauza chai na maandazi hapa Kitale karibu na stendi, na alikuwa ananitumia mia tano kwa wiki wakati biashara ni nzuri. 2022 mnakumbuka vile ilikuwa. Unga wa kilo mbili ulipita shilingi mia mbili. Mia tano ikawa haifiki Alhamisi. Kwa hiyo nikajifunza mbinu: unaamka kuchelewa ndiyo asubuhi ipite, unakunywa maji, unaenda darasani, halafu saa kumi jioni unaingia kibandani unaitisha ugali madondo. Hiyo ndiyo ilikuwa chakula ya siku. Usiku unalala mapema kabla tumbo halijaanza kuongea.

Siku moja mwenzangu wa chumba akaniuliza, "Kwani wewe hukuli asubuhi?" Mdomo ukajibu kabla sijafikiria: "Niko kwa dayati."

Manze, mngeona macho yake. Akaniambia nina nidhamu, akaita na rafiki zake waje niwaeleze. Hiyo siku nilijifunza kitu ambacho hakuna mhadhiri alinifundisha. Ukisema huna pesa, watu wanaangalia chini. Ukisema uko kwa dayati, wanakuuliza siri.

Mapema 2023 karo ilinishinda, nikabeba begi nikarudi nyumbani. Sitaki kuifanya hiyo iwe stori kubwa, wengi wenu mnaijua kwa sababu mko ndani yake. Nilitoka chuo na kilo 63. Nikafika kwa mathe, mahali ambapo kuna maandazi moto kila asubuhi, na nikala kama mtu analipiza kisasi. Maandazi matatu na chai ya vijiko vitatu vya sukari asubuhi. Chapati za usiku saa tatu, saa nne, nikiangalia simu. Nilikuwa nimekaa tu, sina darasa, sina kazi, sina mahali pa kutembea kwenda. Kufika Desemba nilikuwa na ile kilo 84.

Hiyo Desemba tulienda ushago, kwa Kukhu, upande wa Chwele. Kukhu alinishika mashavu akasema, "Umenona! Sasa unafanana na mtu." Alikuwa amefurahi kabisa, maana mara ya mwisho aliniona nikiwa mifupa. Dakika kumi baadaye binamu yangu wa kiume akapita akasema mbele ya watu nimekuwa tanki la maji. Mwili ni uleule, boma ni lilelile. Unadhani nililala nikifikiria maneno ya nani?

Halafu Januari nesi akanipima presha, akasema imepanda kidogo kwa umri wangu, nijaribu kupunguza uzani. Na si mimi peke yangu. Ule utafiti wa afya wa kitaifa, KDHS wa 2022, ulionyesha kuwa karibu asilimia 45 ya wanawake wazima Kenya wana uzani uliozidi. Kwa hiyo sababu ya kuanza ilikuwa nzuri, na hilo silikatai.

VILE ILIKUWA MWANZONI

Nilichagua ile ya 16 kwa 8. Unafunga masaa kumi na sita, unakula ndani ya masaa manane. Yangu ilikuwa saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Asubuhi ni maji na chai ya rangi bila sukari.

Wiki ya kwanza ni mateso, hasa kama unaishi na mtu wa maandazi. Mathe anaamka saa kumi alfajiri kukanda. Saa kumi na moja na nusu harufu imeingia mpaka ndani ya blanketi. Njaa yangu ilikuwa inakuja saa nne asubuhi, inakaa kama nusu saa, halafu inaenda yenyewe. Hiyo ndiyo kitu ilinishangaza. Njaa si kama tanki linaloisha, inakuja na kurudi. Wiki ya tatu nilikuwa nimezoea.

Watu nao walikuwa na maswali. Mteja wa mathe aliniuliza kama naombea bwana, maana kwetu mtu akifunga ni maombi. Rafiki yangu Mwislamu akacheka: "Sisi Ramadhani tunaamka daku, tunafunga, jioni tunafuturu pamoja. Wewe unafungua na simu?" Na jirani mmoja mzee akaniuliza polepole, bila utani, "Si kama ya Shakahola?" Hapo sikucheka. Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kwa ule msitu wa Kilifi, na wengi walikuwa wamekufa njaa. Katika hii nchi neno kufunga lina uzito. Mimi nilikuwa nalitumia kama kichwa cha video.

Kwa sababu ndiyo, nilianza kurekodi. Ya kwanza ilitazamwa na watu mia mbili. Ile ya "kilo tano kwa wiki saba" ikatazamwa na watu wengi kuliko wote wanaoishi mtaa wetu. Mtu mmoja akanitumia shilingi elfu tatu nitangaze majani ya chai ya kupunguza tumbo. Niliyatangaza. Sikuyanywa hata siku moja. Kama uliyanunua kwa sababu yangu, pole. Hiyo pesa nililipa nayo bando na nyingine nikampa mathe anunue mafuta ya kupikia.

KILE SIKUWA NASEMA KUHUSU SAYANSI

Kuna sentensi nilikuwa narudia kila video: "Hiyo njaa unasikia ni mwili unajisafisha." Niliitoa wapi? Kwa video ya mtu mwingine, ambaye pia aliitoa mahali.

Baadaye nilitafuta. Kuna kitu cha kweli kinaitwa otofaji, yaani seli kuvunja na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel 2016 kwa kazi hiyo. Lakini Ohsumi alikuwa anachunguza hamira. Ndiyo, ileile familia ya hamira mathe anaweka kwa unga. Hakusimama mahali akasema msichana wa Kitale akiruka chai ya asubuhi mwili wake unafuliwa kama shati. Sisi ndio tuliruka kutoka hamira mpaka kwa tumbo lako.

Na kupungua je? Kuna utafiti wa Marekani wa 2020. Watu 116, wiki kumi na mbili, kikundi kimoja kikila saa sita mchana hadi saa mbili usiku, dirisha langu kabisa, na kingine kikila mara tatu kawaida. Wa dirisha walipunguza kilo 0.94, wale wengine kilo 0.68. Watafiti wakasema tofauti hiyo si ya maana. Mwingine ulifanywa Guangzhou, China, ukatoka 2022: watu 139, mwaka mzima, wote wamepunguziwa kalori sawasawa, nusu wakila kwa dirisha la masaa manane na nusu wakila saa zozote. Wa kwanza wakapunguza kilo 8.0, wa pili 6.3, na tena tofauti haikutosha kusema dirisha ndilo limefanya kazi.

Kwa hiyo zile kilo tisa zangu zilienda wapi? Hesabu ni rahisi. Maandazi matatu ya asubuhi yalitoka. Vijiko vya sukari vilitoka. Chapati za saa nne usiku zilitoka. Saa haikuwa na uchawi, ilinifungia tu mlango wa jikoni wakati ambao nilikuwa nakula bila njaa. Kwa mtu kama mimi, ambaye hawezi kuhesabu kalori za sufuria inayoliwa na watu watano, hiyo inasaidia. Nilifaa kuwaambia hivyo tu. Lakini "acha chapati za saa nne" haipati watazamaji.

AGOSTI

Kufika Juni mizani ilisimama. Kilo 75, wiki baada ya wiki. Na nyinyi mnangoja matokeo mapya. Kwa hiyo masaa kumi na sita yakawa kumi na nane, kumi na nane yakawa ishirini. Nikawa nakula mara moja kwa siku, saa kumi jioni.

Nilianza kusikia kizunguzungu nikishuka kwa boda. Hedhi ikaruka mwezi wa saba, ikaruka tena wa nane. Kwa video nilikuwa natabasamu.

Agosti 2024 ilikuwa mwaka wa tohara kwetu Bukusu, na kijana wetu mmoja alikuwa anaingia. Kama umewahi kuwa boma la Bungoma msimu huo, unajua. Watu usiku kucha, ng'ombe, kuku, masufuria ya ugali ambayo yanakorogwa na wanaume wawili. Kukhu akaniletea sahani yeye mwenyewe saa tatu asubuhi: kuku, ugali, chisaka. Nikamwambia, "Kukhu, nitakula baadaye." Akasimama na hiyo sahani kidogo, akaniangalia, akairudisha. Kwetu kuku wa mwenye boma hakataliwi, na mimi nilimkatalia mbele ya wageni, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kurekodi video ya "jinsi ya kushinda majaribu ya sherehe."

Hiyo usiku, saa saba hivi, watu wakiimba nje, niliingia jikoni peke yangu. Nilikula nimesimama, gizani, kwa mkono, kutoka kwa sufuria. Chapati, nyama baridi, wali, chapati tena. Sikuwa nasikia ladha. Nilikula mpaka nikashindwa kuinama. Halafu asubuhi nikajiadhibu kwa kufunga masaa thelathini.

Hii haikuwa mara ya kwanza, ilikuwa mara ya kama sita. Hamkuwahi kuiona kwa sababu hakuna mtu anarekodi hiyo.

Wiki hiyohiyo nikirudi Kitale niliketi kibandani saa kumi jioni nikaitisha ugali madondo, chakula changu cha siku. Sahani ilipofika nilishtuka. Saa ni ileile, chakula ni kilekile, mara moja kwa siku ni ileile. Nilikuwa nimerudi Kanduyi bila kulipa nauli. Tofauti ni kwamba wakati ule sikuwa na pesa, na sasa nilikuwa nazo kidogo, lakini nilikuwa nimejifanyia maisha ya mtu hana.

Ungedhani hapo ndipo niliacha. Sikuacha. Niliacha Oktoba, na si kwa akili yangu.

SIMU YA KUKHU

Nina binamu mdogo, alikuwa Kidato cha Pili, miaka kumi na tano, anaishi na Kukhu na kusoma shule ya kutwa. Wakati wa tohara alikuwa ananifuata kila mahali akinishikia simu nirekodi. Sikujua alikuwa ananisikiliza pia.

Oktoba Kukhu akapiga. Hapigi, yeye hupigiwa. Akasema msichana amezimia paredi asubuhi, amegonga kidevu, ameshonwa. Nikapanda matatu hiyo siku. Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele. Njia yote mahindi yalikuwa yamekauka shambani, mengine tayari yamekatwa na kusimamishwa. Huku kwetu, Trans Nzoia na Bungoma, ndiko nchi inategemea kwa unga, na mtoto wetu amezimia kwa kukosa chakula.

Nilimkuta ameketi kwa kochi, nyuzi tatu kidevuni. Alikuwa amekaa wiki tano bila chai ya asubuhi, na githeri ya shule anawapa wenzake. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu bila hasira, kama mtu anakumbusha mwalimu: "Sista, si wewe ulisema njaa ni mwili unajisafisha? Nilijua bado najisafisha."

Ile sentensi yangu. Neno kwa neno.

Kukhu hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alileta chai, akaketi, akaanza kuongea kuhusu 1984. Ukame ulikuwa mbaya nchi nzima, serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka nje, na watu wakayala bila kuyapenda. Akasema alikuwa anaongeza maji kwa uji ndiyo watoto waone kikombe kimejaa, na yeye mwenyewe anasema ameshiba tayari.

"Nilisema nimeshiba," akasema, "ili watoto wale. Wewe unasema umeshiba ili nani ale?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Nilikunywa ile chai, ilikuwa na sukari, na binamu yangu akakunywa yake akiniangalia kama nitamaliza.

Nilipofika Kitale nilitoa zile video zote. Zilikuwa 41.

SASA NIKO WAPI

Sijaandika hii kusema kufunga ni mbaya. Kuna watu kunawafaa, na nimewaonyesha hizo tafiti: dirisha halikuwa baya kuliko njia zingine, lilikuwa tu si miujiza. Nataka kusema kile nilifaa kusema mwanzoni.

Leo nina kilo 78. Nakunywa chai asubuhi, kijiko kimoja cha sukari, na andazi moja. Chakula cha jioni namaliza kabla ya saa moja na nusu, na baada ya hapo jikoni kumefungwa. Hiyo ni kama masaa kumi na mbili hivi ya kutokula, ambayo ndiyo Kukhu ameishi maisha yake yote bila kuipatia jina. Natembea kwenda mjini badala ya boda. Hedhi ilirudi Desemba. Presha iko sawa. Kilo 75 sikuirudia, na ile sura ya Mei 2024 naikosa wakati mwingine, siwezi kukudanganya.

Kama bado unataka kujaribu, sikiliza. Kama hujafika miaka kumi na minane, usifanye. Mwili bado unajengwa na shule inahitaji ubongo ambao umekula. Kama uko na mimba au unanyonyesha, usifanye. Kama unatumia dawa za sukari, usiguse saa zako za kula bila daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla. Kama una vidonda vya tumbo, uliza kwanza. Na kama umewahi kula gizani kama mimi, halafu ukajiadhibu, tafadhali usifuate saa ya mtu yeyote. Ongea na nesi, daktari, au mtu mzima unayemwamini. Mimi niliongea na nesi yuleyule aliyenipima presha, na hakucheka.

Halafu jiulize swali moja ambalo mimi sikujiuliza Kanduyi: je, chakula kipo na nimechagua kungoja, ama hakipo na natafuta jina la kuficha? Kama hakipo, hiyo haiitwi kufunga. Inaitwa njaa, na si aibu yako. Mwambie mtu. Mwambie mwenzako wa chumba. Huenda naye analala mapema kwa sababu hiyohiyo.

Binamu yangu sasa ana kovu dogo chini ya kidevu. Likizo iliyopita alikuja kwetu Kitale kumsaidia mathe, na kila asubuhi tulikuwa tunakaa nyuma ya meza ya maandazi, sisi wawili, tunakula kabla ya wateja kufika. Alinishika siku ya pili nikiangalia simu. "Unarekodi?" akauliza.

Nikamwambia hapana. Nikaweka simu kwa mfuko, nikampatia andazi lingine.